Chuo Kikuu Kinapobisha Hodi Mtaani: Majibu kwa Wasomaji

Tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu ubia kati ya vyuo vikuu na mamlaka za miji katika kuiinua mitaa iliyochakaa au iliyosahauliwa. Barua zimekuja kutoka pande nyingi. Tumechagua nne, na baadhi tumezifupisha bila kubadili hoja ya mwandishi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Kinondoni, Dar es Salaam, anauliza:

Ndugu Mhariri, ninaongoza mtaa ambao kila masika maji huingia majumbani. Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa vyuo wamekuwa wakija na madodoso, wanahesabu kaya, wanauliza habari za vyoo na kipato, kisha hatuwaoni tena. Sasa tumeletewa barua kwamba chuo kikuu na manispaa wameingia ubia wa kuuboresha mtaa wetu, na wakazi wanasema wamechoka kuhojiwa. Niwaambie nini, na tudai nini kabla ya kuwapokea wageni hawa?

Jibu:

Ndugu Mwenyekiti, wakazi wako wana haki ya kuchoka, na nakushauri usianze kwa kuwabembeleza. Mtu aliyejibu madodoso mwaka baada ya mwaka na hajawahi kuonyeshwa hata nakala ya ripoti amekwisha kutoa kitu cha thamani bila kupata chochote, na anapouliza safari hii atafaidika nini, anauliza jambo ambalo chuo kilipaswa kulijibu ndani ya barua ile ile. Hata hivyo usiwafungie mlango, kwa sababu jijini mwenu upo mfano wa kazi ya wanafunzi ambayo matunda yake hayakuishia kwenye makabati ya chuo.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, na kwa kushirikiana na wakazi wakachora ramani ya kata hiyo kwa kina ambacho ramani zilizokuwapo hazikuwa nacho. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa katika kata nyingine za jiji kwa jina la Ramani Huria, ikawaunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, viongozi wa mitaa, na wanafunzi wa Ardhi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shabaha yake kuu ikiwa ni mafuriko. Linalokuhusu wewe ni namna kazi yenyewe ilivyofanyika. Mwanafunzi hakupita mtaani peke yake. Alitembea na mkazi au mjumbe wa shina anayejua mtaro unaanzia wapi, ni wapi umezibwa na taka, na ni wapi mtu amejenga ukuta juu yake. Akaelezwa maji ya masika yalifika kimo gani katika nyumba ile, akakipima, akakiingiza kwenye simu papo hapo pamoja na mahali penyewe. Mipaka ya mashina, ambayo wajumbe waliijua kwa miaka mingi bila kuchorwa popote, ilipatikana kwa kutembea nao na kuifuata. Kisha ramani hizo zikawekwa wazi kwenye mtandao wa OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuziona na kuzitumia bila kuomba ruhusa ya chuo wala ya wizara.

Maji hayakuacha kuingia majumbani kwa sababu ya ramani. Mtaro huchimbwa kwa fedha, na fedha ya mtaro hutoka kwenye bajeti ya halmashauri au kwa mfadhili, kwa hiyo swali lako la kwanza lielekeze kwa manispaa wala si kwa chuo: kazi hii ya utafiti imeunganishwa na fungu gani la bajeti, la mwaka gani wa fedha, na ni ofisa gani atakayesimama mbele ya mkutano wa wakazi kulieleza? Wasipokuwa na jibu, ujue kwamba mnachopewa ni utafiti tu. Utafiti si jambo baya, lakini waseme hivyo waziwazi, na waache kuuita uboreshaji.

Kwa upande wa chuo, dai kwamba maswali yatungwe pamoja nanyi, kwa kuwa mtu wa nje atauliza idadi ya vyoo ilhali ninyi mnajua kwamba tatizo ni gari la kunyonya majitaka kushindwa kupita uchochoroni. Dai matokeo yaletwe kwa Kiswahili, yasomwe mkutanoni, na nakala ibaki ofisi ya mtaa mahali ambapo mkazi anaweza kuiomba. Dai vijana wa mtaa waliomaliza kidato cha nne au cha sita wafundishwe kukusanya takwimu na walipwe kama wakusanyaji wengine wanavyolipwa.

Liko jambo moja zaidi, na ninaliona kuwa kubwa kuliko yote. Katika mitaa kama wako wakazi wengi ni wapangaji, lakini katika mikutano ya uboreshaji wanaozungumza zaidi ni wenye nyumba. Mtaro ukijengwa na barabara ikawekwa changarawe, chumba kilichokuwa cha bei ya chini kwa sababu ya maji hakitabaki na bei ile, na aliyevumilia mafuriko kwa miaka kumi anaweza kuwa wa kwanza kufungasha virago. Itisha kikao cha wapangaji peke yao kabla ya kuwapokea wageni, uyaandike watakayosema, na uyaweke kwenye meza ya makubaliano. Sijui njia nyingine ya kuhakikisha kwamba sauti hiyo inasikika mapema.

Msomaji aishiye Philadelphia, Marekani, anauliza:

Nilihamia huku kutoka Arusha, na ninaishi upande wa magharibi wa jiji, karibu na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Majirani zangu hawapatani. Baadhi wanasema chuo kimeufufua mtaa huu, wengine wanasema kimewafukuza watu weusi na bado kinawafukuza. Yupi asemaye kweli?

Jibu:

Ndugu msomaji, wote wanasema kweli, ila kila upande umeshika kipande chake cha historia, na ni vema kuviunganisha.

Chuo hicho kilihamia ng'ambo ya magharibi ya mto Schuylkill mwaka 1872. Mwaka 1959 kiliungana na chuo cha Drexel na taasisi nyingine za jirani kuunda shirika lililoitwa West Philadelphia Corporation, na katika miaka ya 1960, kwa kutumia mamlaka ya jiji ya kutwaa ardhi na fedha za serikali kuu zilizotengwa kwa ajili ya kuijenga upya miji, mtaa wa watu weusi ulioitwa Black Bottom ukabomolewa ili kupisha kituo cha sayansi na majengo mengine. Maelfu ya watu walihamishwa. Huo nao ulikuwa ubia wa chuo na jiji, wenye ramani, mikataba na wataalamu wa kutosha. Asiyekuwamo ni mkazi wa Black Bottom. Februari 1969 wanafunzi waliketi kwa siku kadhaa ndani ya jengo la College Hall kupinga upanuzi huo na kudai makazi kwa waliohamishwa. Wakazi wa zamani na wazao wao wameendelea kufanya mkutano wao wa kila mwaka, na kwa hiyo jirani yako anaposema neno "kufukuzwa" anasimulia jambo ambalo huenda lilimpata mama yake.

Sehemu ya pili ilianza mwaka 1985, pale Lee Benson na Ira Harkavy, wanahistoria wa chuo hicho, pamoja na aliyekuwa rais wa chuo wakati huo, Sheldon Hackney, walipoanzisha semina iliyowapa wanafunzi kazi ya kuyachunguza matatizo ya West Philadelphia na kutafuta njia ya kuyapunguza. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa mwaka 1992 kituo cha ubia na jamii, ambacho leo kinaitwa Netter Center. Kozi moja ya anthropolojia inaonyesha vizuri walichokuwa wakikitafuta. Profesa Francis Johnston aliifundisha kwa kuwaunganisha wanafunzi wake na shule ya kati ya Turner, wakafanya kazi na watoto juu ya lishe: wanakula nini, wanakinunua wapi, na hali ya afya yao ikoje. Mwanafunzi wa chuo alipata alama za kozi yake kwa swali ambalo mtoto wa jirani naye alikuwa akijifunza darasani kwake, na chuo kikalazimika kurudi mwaka uliofuata, kwa kuwa kozi ilikuwa kwenye ratiba. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo jema kuliko yote yaliyofanyika pale, ingawa halina jengo la kupiga picha.

Sehemu ya tatu ndiyo inayozua ubishi unaousikia. Judith Rodin alipochukua urais wa chuo mwaka 1994 mtaa ulikuwa umedhoofika, nyumba nyingi zikiwa tupu, na baada ya mtafiti mmoja wa chuo kuuawa mwaka 1996 karibu na nyumbani kwake, uongozi uliamua kwamba chuo hakiwezi kuendelea kujificha nyuma ya uzio. Zikawekwa taa za barabarani, usafi ukaimarishwa, wafanyakazi wa chuo wakasaidiwa kununua nyumba katika eneo hilo, maduka yakajengwa, na manunuzi ya chuo yakaanza kuelekezwa kwa wafanyabiashara wa West Philadelphia. Mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya umma ya Penn Alexander, kwa makubaliano kati ya chuo, mamlaka ya shule ya jiji na chama cha walimu, huku chuo kikiichangia fedha za ziada kwa kila mwanafunzi.

Shule ikawa nzuri mno, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwa kuwa nafasi hutolewa kwa wanaoishi ndani ya mpaka uliochorwa kuizunguka, bei za nyumba ndani ya mpaka huo zilipanda haraka. Mwezi Januari 2013 wazazi walipanga foleni nje ya shule usiku na mchana, kwenye baridi, siku kadhaa kabla ya uandikishaji wa chekechea, hata mamlaka ikaamua kutumia bahati nasibu. Familia iliyoufahamu mtaa wakati wa giza lake haikuwa na uwezo wa kulipa kodi ya pango wakati taa zilipowaka. Sioni kosa katika kujenga shule nzuri. Naona kosa katika kuijenga kabla ya kuweka akiba ya nyumba za bei nafuu ndani ya mpaka wake, kwa maana kupanda kwa bei kulikuwa jambo la kutabirika kwa yeyote aliyewahi kutafuta chumba karibu na shule inayosifiwa.

Liko pia suala la kodi. Vyuo vya namna hii vimesamehewa kodi ya majengo, na jijini kwenu zaidi ya nusu ya kodi hiyo huenda kwenye shule za umma. Baada ya miaka mingi ya madai kutoka kwa walimu, wakazi na hata wahadhiri wa chuo chenyewe, Novemba 2020 chuo kiliahidi kutoa dola milioni 100 kwa miaka kumi ili kuondoa madini ya risasi na asbesto katika majengo ya shule za jiji. Ni fedha nyingi, na watoto watafaidika. Hata hivyo ahadi ya hiari hutolewa na kukatizwa kwa matakwa ya mtoaji, jambo ambalo kodi hairuhusu.

Wewe kama mpangaji, nakushauri ujue kama jengo unaloishi lina mkataba wa serikali wa makazi ya bei nafuu, na kama upo, unakwisha mwaka gani. Mwaka 2021 familia zilizokuwa zikiishi katika nyumba 70 za University City Townhomes, katika eneo lile lile lililokuwa Black Bottom, zilipata habari kwamba mmiliki hatauendeleza mkataba wake. Walipambana kwa muda mrefu, na makubaliano yaliyofikiwa mwaka 2023 yaliokoa sehemu ya kiwanja kwa ajili ya makazi ya bei nafuu, lakini nyumba zao hawakuzipata tena. Tarehe ya mwisho wa mkataba ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo.

Mwanafunzi wa mipango miji, Nairobi, anauliza:

Mhadhiri wetu anatufundisha mpango wa Mukuru kama mfano wa kuigwa, lakini mwaka 2021 tuliona nyumba zikibomolewa Mukuru kwa Njenga. Nikienda kufanya mafunzo ya vitendo katika kijiji kingine, nitawaambiaje watu kwamba kuchora mpango pamoja nasi kutawasaidia?

Jibu:

Mwanangu, usiwaambie jambo usiloweza kulithibitisha. Waeleze Mukuru yote, mazuri yake na machungu yake.

Mazuri yake ni haya. Mukuru, yaani vijiji (makazi yasiyo rasmi ya mjini Nairobi) vya kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, imekaa juu ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ilikwisha kugawiwa watu binafsi na kampuni, huku wakazi wake wakiwa kaya zipatazo 100,000. Kabla ya mpango wowote, vyuo vikuu vya Nairobi, Strathmore na California kule Berkeley vilishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa vijiji lililoanzishwa mwaka 1996, kuchunguza maisha ya pale. Walibaini kwamba mkazi wa Mukuru, anayenunua maji kwa mtungi na umeme kutoka kwa mtu aliyejiunganishia waya, hulipa kwa kila kipimo zaidi ya anavyolipa mkazi wa mtaa wenye mabomba na mita. Hesabu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko malalamiko ya miaka mingi, kwa kuwa ilionyesha kwamba fedha ya huduma imo tayari mikononi mwa wakazi na inapotea njiani. Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ikaitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango, yaani eneo linalopangwa kwa utaratibu wake wa pekee.

Kilichofuata ni kazi ambayo kila mwanafunzi wa fani yako anapaswa kuisoma kwa undani. Mashirika zaidi ya 40, vikiwemo vyuo, yaligawana sekta za maji, afya, ardhi, elimu, fedha na nyinginezo, na wakazi wakajipanga kuanzia kundi la kaya kumi lenye mwakilishi wake. Chukua suala la barabara. Vipimo vya kawaida vya upana wa barabara, vikiwekwa juu ya kijiji kilichobanana vile, vingelazimu kubomoa sehemu kubwa ya makazi ili watu wapate barabara wasiyokuwepo kuitumia. Wataalamu na wakazi waliketi juu ya ramani, njia moja baada ya nyingine, wakajadili ni ipi ibebe gari la zimamoto, ni ipi itoshe mkokoteni, na ni ipi ibaki ya waendao kwa miguu, wakapunguza upana panapowezekana na kuwapunguza sana waliopaswa kuhama. Darasani kipimo hicho ungekipokea kama sheria isiyogusika; pale kilijadiliwa na mama anayejua ni mlango wa nani utakaoguswa. Kuanzia mwaka 2020 barabara za lami, visima na hospitali vilianza kujengwa Mukuru, na sehemu ya vitu hivyo ilikuwa imekwisha kuandikwa na wakazi wenyewe.

Machungu yake unayajua. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia kwa Njenga kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makazi ndani ya eneo ambalo Kaunti ilikuwa imelitambua kuwa la mipango maalumu. Mpango haukuwa umempa mkazi haki juu ya ardhi. Suala la umiliki lilikuwa gumu, wenye hati walikuwa na nguvu, na miundombinu ikatangulia kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kutekelezwa na kuonyeshwa. Barabara nzuri iliyopita karibu iliipandisha thamani ardhi ambayo wakazi walikuwa bado hawana karatasi yake.

Kwa hiyo, unapokwenda kijijini, usiende na ramani peke yake. Mshawishi mhadhiri wako awashirikishe wenzenu wa kitivo cha sheria tangu siku ya kwanza, mjue ardhi ni ya nani, hati ilitolewa lini na kwa masharti gani, na kama masharti hayo yalitimizwa. Wakazi wakikuuliza kama mpango utazuia kubomolewa, jibu kwamba peke yake hauzuii, lakini kijiji kilichojihesabu, chenye orodha ya kaya na ramani yake, huingia mahakamani kikiwa na ushahidi ambao kijiji kisichojihesabu hakina. Na kazi ya muhula ikiisha, hakikisha orodha ile imebaki kwa wenye kijiji, isiwe imo kwenye kompyuta yako tu.

Mama lishe, jirani na chuo kikuu kimoja, Dodoma, anauliza:

Nasikia habari za ubia wa chuo na jiji, lakini naona ni mambo ya wakubwa. Sisi tunaopika nje ya lango la chuo na kufukuzwa kila mara tunaingia wapi?

Jibu:

Dada yangu, mnaingia kwenye manunuzi, na ni sehemu ambayo huzungumzwa kwa nadra kuliko inavyostahili. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi hununua chakula cha mikutano na semina, hununua sare, samani, usafi na matengenezo, mwaka mzima. Nimetaja hapo juu kwamba chuo cha Philadelphia kiliamua kuelekeza sehemu ya manunuzi yake kwa majirani zake. Kwa vyuo vya umma vya Tanzania hilo halihitaji hata huruma ya mkuu wa chuo, kwa sababu sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Mtu mmoja mmoja hawezi kuipata nafasi hiyo. Jiungeni wenzako mnaopika hapo langoni, mwende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mkasajili kikundi, na mumwombe awaeleze hatua za kukiingiza kwenye mfumo wa ununuzi wa serikali wa NeST, ambako zabuni hutangazwa. Ulizeni hapo hapo kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni ya wanawake, kwa kuwa zabuni ya chakula huhitaji mtaji wa kununua vitu kabla ya kulipwa, na malipo ya taasisi huchelewa. Kisha andikeni barua kwa kitengo cha ununuzi cha chuo, mkaulize mwaka huu wa fedha asilimia ile 30 imetengwa kwa kazi zipi. Barua hiyo ipelekeni mkiwa na nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala moja mwipeleke kwa diwani wenu, ambaye ana nafasi ya kuliuliza jambo hilo katika baraza la madiwani.